Modest Mussorgsky: yaliyo yake na yaliyo ya wahariri wake

Ukipakua leo rekodi ya "Usiku Juu ya Mlima Mtupu", jina la mtunzi wa Kirusi Modest Mussorgsky litakuwa juu kabisa. Lakini muziki utakaousikia, mara nyingi, uliandikwa na rafiki yake Nikolai Rimsky-Korsakov mwaka 1886, miaka mitano baada ya Mussorgsky kufa. "Picha za Maonyesho", zikichezwa na okestra, kwa kawaida huwa ni kazi ya Mfaransa Maurice Ravel, ya mwaka 1922. Opera yake kubwa, "Boris Godunov", ina matoleo mawili ya mtunzi mwenyewe, mawili ya Rimsky-Korsakov na moja la Dmitri Shostakovich, bila kuhesabu machanganyiko ambayo majumba ya opera hujitengenezea. Anayeanza kumsikiliza mtunzi huyu huchanganyikiwa mapema. Nimeandika haya kufumbua fundo hilo, kwa sababu naamini kwamba anayemjua Mussorgsky kupitia wahariri wake peke yao bado hajakutana naye.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1839 huko Karevo, katika mkoa wa Pskov, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Ukoo wake ulimiliki ardhi, na pamoja na ardhi, kama ilivyokuwa Urusi ya wakati ule, ulimiliki watwana: wakulima waliofungwa kisheria kwenye shamba la bwana wao. Bibi yake mzaa baba alikuwa mmoja wa watwana hao kabla ya kuolewa na bwana. Kwa hiyo damu ya pande zote mbili ilikuwa ndani yake, na katika karibu kila alichotunga utawasikia watu wa chini wakiongea kwa sauti yao wenyewe: mlezi wa watoto, mlevi, askari, mwendawazimu wa kijijini.

Piano alifundishwa kwanza na mama yake. Baadaye alipelekwa St Petersburg, akaingia shule ya kijeshi mwaka 1852, na mwaka 1856 akawa ofisa katika kikosi cha walinzi cha Preobrazhensky. Mwaka huohuo, akiwa zamu katika hospitali ya jeshi, alikutana na daktari kijana aitwaye Alexander Borodin, naye mtunzi. Kisha akamfahamu Alexander Dargomyzhsky, na kupitia kwake Mily Balakirev na César Cui. Alipoongezeka Rimsky-Korsakov wakawa watano. Mwaka 1867 mhakiki Vladimir Stasov aliwapa jina ambalo limedumu, "Kundi Kubwa", ingawa wengi huwaita tu Watano wa Urusi.

Kitu kimoja kuhusu Watano hao ndicho chanzo cha utata wote. Hakuna kati yao aliyekuwa amesomea muziki chuoni. Borodin alikuwa mwanakemia, Cui mhandisi wa ngome za kijeshi, Rimsky-Korsakov ofisa wa jeshi la majini. Chuo cha muziki cha St Petersburg kilifunguliwa mwaka 1862 chini ya Anton Rubinstein, na Watano walikitazama kwa shaka, wakiona kwamba kitawafundisha Warusi kuandika muziki wa Kijerumani. Walijifunza kwa kuchezeana kazi zao kwenye piano na kukosoana nyumbani, Balakirev akiwa kiongozi mkali. Mussorgsky alijiuzulu jeshi mwaka 1858 ili autumikie muziki. Lakini mwaka 1861 Tsar Alexander II alipowaweka huru watwana, mapato ya familia yalianguka, na kufikia mwaka 1863 ilimbidi atafute kazi ya ukarani serikalini. Karani alibaki, kwa vipindi, kwa miaka mingi iliyofuata, kwa muda mrefu katika idara ya misitu. Opera zake zote alizitunga kwa muda aliouiba kutoka kwenye makaratasi ya ofisi.

Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kigumu kuliko ilivyoonekana. Alitaka mwimbaji aimbe jinsi mtu anavyozungumza: anayesitasita, anayebembeleza, anayelia, anayedanganya. Mwaka 1868 alichukua tamthilia ya mwandishi Gogol, "Ndoa", akaanza kuitia muziki neno kwa neno, nathari kama ilivyo, bila kuigeuza kuwa mashairi. Aliishia sehemu ya kwanza tu, lakini hapo ndipo alipopata ujuzi wake. Kabla ya hapo alikuwa ameandika wimbo "Savishna", kuhusu punguani wa kijijini anayemwomba msichana mzuri ampende. Wimbo huo unakwenda kwa mapigo matano matano, noti baada ya noti, bila mahali pa kupumua, kwa sababu mtu yule hathubutu kunyamaza. Akinyamaza, msichana ataondoka. Ukiusikia huwezi kufikiri kwamba mapigo matano yalikuwa kosa la mtu asiyejua hesabu za muziki. Na bado wenzake wengi walifikiri hivyo kuhusu mambo mengi aliyoyaandika.

Chukua "Usiku Juu ya Mlima Mtupu". Aliumaliza Juni 1867, katika mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, usiku uleule ambao kwa imani ya wenyeji wachawi hukutana mlimani. Alimpelekea Balakirev, naye akaukataa na kutaka urekebishwe. Mussorgsky hakukubali kuugeuza, na kazi hiyo haikuchezwa hata mara moja katika uhai wake. Hata hivyo hakuitupa. Aliirudia kwa ajili ya opera ya pamoja iliyokwama, kisha akaiingiza katika opera nyingine, "Maonyesho ya Sorochyntsi", kama ndoto ya kijana wa shamba, safari hii akiimalizia na kengele ya kanisa na mapambazuko. Rimsky-Korsakov alipoishika baada ya kifo chake, alianzia kwenye toleo hilo la mwisho, akachagua, akapunguza, akalainisha na kuipanga upya kwa okestra. Kwa hiyo mwisho ule mtulivu unaopendwa na wengi una asili kwa Mussorgsky mwenyewe, lakini muundo wa kazi nzima ni wa Rimsky-Korsakov. Andiko la 1867 lilichapishwa mwaka 1968, miaka 101 baada ya kuandikwa. Humo hamna mapambazuko kabisa. Wachawi wanakimbizana mpaka noti ya mwisho, okestra inapiga kelele kwa makusudi, na kuna sehemu zinazorudiwarudiwa hadi msikilizaji anatamani zikome. Mimi nalipenda hilo zaidi. Linatisha, na lilikusudiwa litishe.

Kisa cha "Boris Godunov" ni kirefu zaidi, na ndicho chenye uzito. Boris alikuwa tsar halisi, aliyetawala kuanzia 1598 hadi 1605. Mwaka 1591 mtoto wa kifalme, Dmitry, alikufa katika mji wa Uglich, na uvumi ukaenea kwamba Boris ndiye aliyeamuru auawe ili kiti kibaki wazi. Mshairi Pushkin aliandika tamthilia juu ya uvumi huo, na Mussorgsky akaitumia, pamoja na kitabu cha mwanahistoria Karamzin. Katika opera, Boris anatawala huku damu ya mtoto ikimwandama. Mtawa mmoja mtoro anajitangaza kuwa ndiye Dmitry aliyenusurika na kukusanya jeshi. Na watu wa Urusi, wenye njaa, wanasukumwa huku na huko bila kuulizwa.

Toleo la kwanza lilikamilika mwaka 1869, likiwa na maonyesho saba. Mwaka 1871 kamati ya majumba ya kifalme ya maigizo ililikataa, sababu kubwa ikiwa kwamba hakukuwa na mhusika mkuu mwanamke. Mussorgsky alikaa tena mezani, na kwa sehemu ya muda huo, kati ya 1871 na 1872, alikuwa akiishi chumba kimoja na Rimsky-Korsakov wakitumia piano moja. Asubuhi piano ilikuwa ya Mussorgsky, huku mwenzake akinakili noti au kuandika jambo lisilohitaji piano. Mchana Mussorgsky akienda ofisini, mwenzake akaishika. Humo ndani toleo la pili la Boris lilipata umbo. Aliongeza sehemu nzima inayotokea Poland, yenye Marina, binti wa ukoo wa wakuu wa Poland, na onyesho la ghasia katika msitu wa Kromy. Lakini hakuishia kuongeza. Aliandika upya mengi ambayo kamati haikuyagusa, na akaliondoa onyesho la mbele ya kanisa la Mtakatifu Basil.

Onyesho hilo ni moja ya dakika kuu za opera ya karne ya 19. Yurodivy, mwendawazimu wa Mungu, ambaye kwa mila za Kirusi hakuna anayethubutu kumwadhibu, ameporwa kopeki yake moja na watoto wa mtaani. Tsar anatoka kanisani. Yurodivy anamwomba hadharani awachinje watoto hao kama alivyomchinja Dmitry mdogo. Wakuu wanataka akamatwe. Boris anawazuia na kumsihi amwombee. Yurodivy anakataa: haiwezekani kumwombea Mfalme Herode. Muziki wa hapo ni mwepesi mno, karibu mtupu, noti mbili za huzuni zikirudi na kurudi. Mtunzi mwingine angeimwaga okestra yote.

Opera ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Mariinsky tarehe 8 Februari 1874. Watazamaji, hasa vijana, waliishangilia. Wahakiki waliikaripia, na kilichomuumiza Mussorgsky kupita vyote ni kwamba mmoja wao alikuwa Cui, mmoja wa Watano, aliyeandika gazetini kwamba mtunzi alikuwa na haraka na hakujichuja. Mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, opera iliondolewa jukwaani.

Hapa ndipo Rimsky-Korsakov anapoingia kwa nguvu zote. Ili kumtendea haki, lazima kukumbuka yaliyompata mwaka 1871, alipoitwa kufundisha katika chuo kilekile walichokishuku. Aligundua kwamba hajui nadharia aliyotakiwa kuifundisha, basi akajifunza kwa siri, usiku na mchana, mazoezi kwa mazoezi, hadi akawa bingwa. Mussorgsky aliliona hilo kama usaliti. Katika barua kwa Stasov alilalamika kwamba kundi lao limegeuka kuwa la wasaliti wasio na roho. Lakini alipokufa, miswada yake ikiwa imetawanyika na nusu yake haijakamilika, ni yuleyule msaliti aliyejitolea kuikusanya, kuisafisha na kuifikisha kwa mchapishaji. Miaka na miaka ya nguvu zake mwenyewe zilikwenda huko.

Ila alisafisha kwa macho ya mwalimu. Yeyote aliyefundishwa kutunga nyimbo za kwaya za sauti nne anakumbuka onyo la mwanzo: usiache sauti mbili zitembee bega kwa bega kwa umbali wa noti tano. Mussorgsky alifanya hivyo kila alipotaka ugumu fulani, na Rimsky-Korsakov akarekebisha. Sauti zilizogongana akazitenganisha, na panapokosekana daraja kati ya wazo na wazo akalijenga. Mfano mzuri uko katika kutawazwa kwa Boris. Mussorgsky anaweka mafungu mawili tu ya noti nne nne, yanayoshirikiana noti mbili na kutofautiana mbili, na kuyabadilishana polepole, kisha kwa kasi, tena na tena, mpaka ukumbi unajaa kengele. Mafungu hayo kwa kanuni za shule yalipaswa kuelekea mahali, yapate utulivu. Hayaelekei popote. Kengele kubwa za Moscow nazo hazielekei popote. Zinalia tu, na chini yake kuna tsar mwenye hofu. Katika mpangilio wa Rimsky-Korsakov kengele hizo zinameremeta kwa dhahabu, na hofu imepungua.

Badiliko lake zito zaidi ni la mpangilio wa maonyesho. Toleo la Mussorgsky la 1872 linaisha msituni: Boris ameshakufa, umati umemfuata mtawa yule mwongo, na Yurodivy amebaki peke yake akililia Urusi na watu wake wenye njaa. Rimsky-Korsakov, katika toleo lake la 1896, aliyapindua maonyesho mawili ya mwisho ili opera iishie kwenye kifo cha Boris. Ni kweli kwamba toleo la 1869 nalo liliishia kwa kifo hicho, kwa kuwa halikuwa na msitu. Lakini mtunzi alikuwa amefikiri tena na kuamua kwamba neno la mwisho ni la wananchi. Kulirudisha kwa mfalme ni kuibadilisha opera inahusu nani.

Hata hivyo ni toleo la Rimsky-Korsakov, lililopanuliwa tena miaka ya 1900, lililoiteka dunia. Mei 1908 mwandaaji wa maonyesho Sergei Diaghilev alilipeleka Paris, Feodor Chaliapin akiimba nafasi ya Boris, na tangu siku hizo opera hii haijatoka tena kwenye majukwaa ya Ulaya. Bila hatua hiyo sidhani kama mtu angejisumbua kuitafuta miswada ya asili. Rimsky-Korsakov mwenyewe alilitegemea hilo: aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ikiwa kazi za Mussorgsky zitaishi miaka 50 baada ya mwenyewe kufa bila kufifia, basi wakati wowote mtu anaweza kutoa chapa inayofuata muswada neno kwa neno. Mwaka 1928, ikiwa imepita miaka 47, mtafiti Pavel Lamm alitoa hasa chapa hiyo, na Leningrad, kama St Petersburg ilivyoitwa wakati huo, ikaona jukwaani opera jinsi ilivyoandikwa. Mnamo 1939 na 1940 Shostakovich alitumia noti za Lamm bila kuzilainisha, lakini akazivika okestra yake mwenyewe, nzito na ya giza.

"Picha za Maonyesho" ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hapa hakuna aliyemsahihisha mtunzi kwa kiasi kikubwa; wamemhamisha chombo. Mchoraji na msanifu majengo Viktor Hartmann, rafiki yake, alikufa ghafla mwaka 1873 akiwa na miaka 39. Mwanzoni mwa 1874 Stasov alisaidia kuandaa maonyesho ya kazi zake huko St Petersburg, na Juni mwaka huo Mussorgsky aliandika, kwa piano peke yake na kwa muda wa wiki tatu hivi, picha kumi za muziki. Kati yake anarudi mtembeaji, yaani yeye mwenyewe, akipita toka picha hadi picha kwa hatua zinazobadilika kutoka mapigo matano kwenda sita. Nyingi ya picha za Hartmann zimepotea, kwa hiyo leo muziki ndio unaotuonyesha. Lango Kuu la Kyiv linalofunga kazi hiyo halikuwahi kujengwa. Lilikuwa mchoro wa kuadhimisha kunusurika kwa Alexander II katika jaribio la kumuua mwaka 1866.

Piano yenyewe ilichapishwa mwaka 1886, ikihaririwa na Rimsky-Korsakov, na kosa moja la chapa hiyo limesafiri mbali. Katika "Bydło", mkokoteni wa ng'ombe wa Poland, Mussorgsky aliandika sauti kubwa tangu noti ya kwanza: mkokoteni uko mbele yako tayari. Chapa ikaandika sauti ndogo inayokua, kana kwamba unakuja kutoka mbali. Ravel, alipoombwa na kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky aipangie okestra, hakuwa na muswada mbele yake bali chapa hiyo, na ndiyo maana katika okestra mkokoteni husogea polepole kutoka gizani. Ni mzuri sana. Ravel alifanya maajabu, saksafoni yake katika "Ngome ya Kale" ikiwa mojawapo. Lakini sikiliza piano kwanza. Kuna ukali ndani yake, na upweke, ambao rangi zote za Ravel huufunika.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Katika "Bila Jua" na "Nyimbo na Ngoma za Kifo", zilizotungwa kwa mashairi ya Arseny Golenishchev-Kutuzov, unaisikia giza ikiongezeka. Kifo kinamwimbia mtoto mgonjwa, kinamwalika mlevi acheze kwenye theluji, kinakagua maiti za uwanja wa vita kama jemadari. Pombe ilikuwa imemshika. Mwanzoni mwa 1880 alitoka katika utumishi wa serikali, na marafiki wakajigawa makundi mawili: moja likachanga rubo 100 kwa mwezi ili amalize opera yake "Khovanshchina", jingine 80 ili amalize "Maonyesho ya Sorochyntsi". Hakumaliza hata moja. Februari 1881 alipatwa na vifafa, akalazwa katika hospitali ya kijeshi ya Nikolaevsky. Ilya Repin alikwenda kumchora humo kuanzia tarehe 14 Machi, siku moja baada ya Tsar Alexander II kuuawa kwa bomu katika mji huohuo. Picha hiyo iko katika jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow: nywele zimetimka, pua nyekundu, macho ya mtu anayeona kila kitu. Alikufa tarehe 28 Machi, wiki moja baada ya kutimiza miaka 42.

Kwa anayetaka kusikiliza sasa, la kufanya ni kuangalia jina la pili kwenye rekodi, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo baada ya la mtunzi. Kwa "Boris" tafuta palipoandikwa 1869 au 1872, na ujue kwamba hizo ni opera mbili tofauti, zote zake. Ukikuta rekodi yenye kanisa la Mtakatifu Basil na msitu wa Kromy kwa pamoja, umekutana na mseto, na Yurodivy anaweza kuibiwa kopeki yake mara mbili jioni moja. Kwa "Usiku" tafuta 1867. "Khovanshchina" haina njia hiyo. Mussorgsky aliacha karibu yote ikiwa kwa piano na sauti, akiwa ameipangia okestra vipande vichache tu, na mwisho wake, ambapo Waumini wa Kale, Wakristo waliokataa mageuzi ya kanisa la Urusi, wanajichoma moto wakiimba, haukuandikwa kikamilifu. Rimsky-Korsakov aliikamilisha na kuikata sana. Shostakovich aliipanga upya mwaka 1959 akirudisha yaliyokatwa. Stravinsky aliandika kwaya ya mwisho kwa ajili ya Paris mwaka 1913. Mimi hushauri okestra ya Shostakovich pamoja na kwaya ile ya Stravinsky, ambayo haishangilii, inazimika tu. Kuna majumba yanayoiimba hivyo, na rekodi ya kiongozi wa okestra Claudio Abbado kutoka Vienna, ya mwaka 1989, inapatikana.